Haki Itangulie, Hesabu Ifuate



Kuhesabu watu ni kazi ya kale ya kila serikali. Mtawala huhesabu ili ajue atakusanya kodi kiasi gani, atajenga shule ngapi, na kila eneo litapewa wawakilishi wangapi. Hata Injili ya Luka inatukumbusha kwamba Bwana wetu alizaliwa wakati wazazi wake walipokuwa safarini kwenda kuandikishwa kwa amri ya Kaisari. Basi hakuna ubaya katika kuhesabu. Ubaya huingia pale karatasi ya kuhesabia inapopewa mamlaka ya kuamua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, nani ana haki na nani angojee huruma.

Katika kurasa hizi tunapenda kulitafakari jambo hilo pamoja nanyi kwa kutazama mfano ulio karibu nasi sana, nao ni Wapemba. Watu wa kisiwa hiki wamekutana na orodha za serikali kwa njia mbili zinazotofautiana. Hapa nyumbani, sensa ya Tanzania haiwaulizi kabila. Ng'ambo ya Mkondo wa Pemba, katika pwani ya Kenya, ndugu zao waliishi miaka mingi bila uraia, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba kabila lao halikuwamo katika orodha ya makabila ya nchi ile. Tunaamini kwamba pande zote mbili zina fundisho kwetu, na fundisho lenyewe ni moja: haki itangulie, hesabu ifuate.

Watu wa Pemba ni wangapi, na wako wapi?

Tuanze na takwimu. Sensa ya mwaka 1958 ilikuta watu 133,858 katika kisiwa cha Pemba. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta 406,848. Ile ya mwaka 2022 ilikuta 543,441, yaani 272,091 katika Mkoa wa Kaskazini Pemba na 271,350 katika Mkoa wa Kusini Pemba. Kwa maneno mengine, katika muda wa miaka 10 tu kisiwa kimeongezewa zaidi ya theluthi moja ya watu kiliokuwa nao.

Lakini zipo hesabu nyingine ndani ya hesabu hizo. Mwaka 1958 Zanzibar nzima ilikuwa na watu 299,111, na katika kila watu 100, karibu 45 walikuwa wakiishi Pemba. Mwaka 2022 Zanzibar nzima ilikuwa na watu 1,889,773, na katika kila 100, Pemba ilikuwa na 29 hivi. Kisiwa kimeongezeka mara nne, na hata hivyo sehemu yake katika Zanzibar imepungua sana. Sababu moja haihitaji mtaalamu kuieleza, kwani hakuna mtaa wa Pemba usio na nyumba iliyotoa kijana kwenda kutafuta maisha. Wapemba wako Unguja, hasa katika Mkoa wa Mjini Magharibi wenye watu 893,169. Wako Dar es Salaam na Tanga, wako Mombasa, Shimoni na Kilifi, wako Oman na Uingereza.

Tena, si kila aishiye Pemba ana asili ya Pemba. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na baada ya hapo Pemba ikawa kitovu cha zao hilo. Watu wengi wa bara waliletwa hapa utumwani kulima mashamba hayo, na utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1897. Baadaye wengine walikuja kwa hiari yao kufanya kazi za ujira, wakiwamo Wamakonde na Wanyamwezi. Walikuwapo pia Waarabu, Wahindi na Wangazija. Siku hizi wapo walimu, askari, wauguzi na wafanyabiashara kutoka mikoa ya bara, na kama mjuavyo, sehemu kubwa ya waamini wetu ni hao. Kwa hiyo jina la kisiwa na jina la kabila havikupata kuwa kitu kimoja, wala havitakuwa.

Orodha za zamani zilivyotugawa

Serikali ya kikoloni iliwahesabu watu wa Zanzibar kwa asili zao. Matokeo yake yanastahili kukumbukwa na kila apendaye kusema kwamba kabila ni jambo la damu lisilobadilika. Katika hesabu ya mwaka 1924, watu zaidi ya 30,000 waliandikwa kuwa Waswahili. Miaka 7 baadaye, mwaka 1931, walioandikwa hivyo walikuwa 2,000 hivi tu. Katika muda huohuo walioandikwa kuwa Waarabu waliongezeka kutoka wasiofika 20,000 hadi zaidi ya 30,000. Je, Waswahili walikufa kwa tauni? Waarabu walizaliwa kwa maelfu? La hasha. Watu walikuwa walewale, katika nyumba zilezile. Kilichobadilika ni heshima na manufaa yaliyofungamanishwa na majina hayo. Jina la Mswahili lilikuwa limeanza kudhaniwa kuwa ni la mwenye asili ya utumwa, na mtu mwenye akili timamu hakutaka kuandikiwa jina la kumshusha.

Karibu na mwaka 1940 kilianzishwa hapa Pemba Chama cha Washirazi, na hata sensa ya mwaka 1948 iliendelea kuwagawa wakazi katika Wapemba, Watumbatu, Wahadimu, Washirazi, Waarabu na wengineo. Hatusemi kwamba majina hayo ni ya uongo. Yana historia yake, na wenyewe wana haki ya kujivunia. Tunachosema ni kwamba pale serikali ilipoyageuza kuwa mafungu ya kugawia vyeo na mamlaka, kila fungu lilianza kulitazama jingine kwa jicho la mashaka. Vyama vya siasa vilipoanza, mafungu yalikuwa tayari yamekwisha kuandaliwa. Ghasia za uchaguzi za Juni 1961 ziliua watu 68, na wengi wa waliouawa walikuwa Waarabu. Yaliyofuata mwezi wa Januari 1964 yanajulikana, na machozi yake hayajakauka katika nyumba nyingi.

Tanzania ilijifunza jambo. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho katika nchi yetu kuuliza kabila. Zile za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza. Twaona huo ni uamuzi wa busara. Hata hivyo, kufuta swali katika karatasi si sawa na kufuta ubaguzi katika mioyo, wala katika ofisi. Miaka ya mwisho ya 1960, Wangazija wa Zanzibar, ambao wengi wao walizaliwa hapa, waliambiwa kwamba wao si raia. Hawakutoka nje ya nchi, bali nchi ndiyo iliyowatoa katika daftari lake.

Ndugu zetu wa ng'ambo ya mkondo

Tuvuke sasa bahari. Tangu zama za mababu, wavuvi wa Pemba hufuata samaki kwa majira ya pepo. Huenda dago, hupiga kambi ufukweni kwa miezi kadhaa, kisha hurudi. Wengine hawakurudi. Waliona bahari njema, wakaoa, wakajenga, wakazika wazazi wao hukohuko. Ndivyo vijiji vya Wapemba vilivyoota katika pwani ya Kenya, kutoka Vanga na Shimoni katika Kwale hadi maeneo ya Kilifi.

Wengi wa waliotangulia hawakuona kwamba wamehamia nchi ya kigeni, na walikuwa na sababu. Ukanda wa pwani ya Kenya, wenye upana wa maili 10, ulikuwa kwa jina ni milki ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Waingereza ndio walioutawala pamoja na Kenya. Mvuvi aliyetweka tanga Wete na kutua Vanga alikuwa bado chini ya bendera ya Sultani yuleyule. Ni katika Oktoba 1963 tu ndipo Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa Pemba, walipokubaliana kwa barua kwamba ukanda huo uwe sehemu ya Kenya. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mpaka ukawekwa, na watu waliokuwa wakivua upande huu na upande ule wakajikuta ni wageni mahali walipozika wazee wao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 walifuata wengine waliokimbia.

Inafaa tuwatenganishe hao na wakimbizi wa mwaka 2001. Baada ya maandamano ya tarehe 26 na 27 Januari mwaka ule, ambamo watu waliuawa kwa risasi, na Tume ya Serikali ikataja vifo 31, zaidi ya watu 2,000 walivuka kwenda Shimoni. Walikuwa wakimbizi, na wengi wao walirudi baada ya muda. Habari tunayoizungumza hapa ni ya watu waliokuwa wameishi Kenya vizazi viwili na vitatu, wasio na kwingine kwa kurudi.

Nchini Kenya, fomu ya kuomba kitambulisho huuliza kabila. Mpemba alipojibu kwa ukweli, karani hakuliona kabila hilo katika orodha yake. Basi kijana akarudi nyumbani bila kitambulisho, na kwa kukosa kitambulisho akakosa kila kitu kinachokifuata. Hakuweza kufungua akaunti ya benki, wala kusajili laini ya simu kwa jina lake, wala kumiliki kiwanja. Alipotaka kibali cha kuvua, ilimlazimu avue chini ya jina la mtu mwingine na kumgawia kipato chake. Watoto wao walikuwa na shida ya vyeti vya kuzaliwa, na kwa hiyo ya mitihani ya taifa. Wapo waliojiandikisha kwa jina la kabila la jirani ili mradi wapate kuishi. Tufikirie uzito wa jambo hilo: serikali inamfundisha mtu mwaminifu kwamba ukweli utamfunga mlango, na uongo utaufungua.

Wapemba hawakuwa peke yao. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walianza kuja kutoka Msumbiji mwaka 1936 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walikaa miaka 80 katika hali hiyohiyo. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu, wapatao 300, wakaelekea Nairobi kumwona Rais. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha, nao wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Sensa ya mwaka 2019 ikawahesabu kwa jina lao: watu 3,764. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba Washona 1,670, wenye asili ya Zimbabwe, watapewa uraia. Hatimaye, Januari 2023, Serikali ya Rais William Ruto iliwatambua Wapemba kuwa mojawapo ya jamii za Kenya. Idadi yao ilikadiriwa kuwa 7,000 hivi. Katikati ya mwaka huo wakaanza kukabidhiwa vyeti vya uraia na vitambulisho huko Kilifi.

Tunayoyapongeza na tunayoyahoji

Tunaipongeza Kenya kwa moyo mkunjufu. Serikali inayorekebisha dhuluma ya miaka 60 inastahili kushukuriwa, wala si jambo dogo kwa mzee wa miaka 70 kushika kwa mara ya kwanza karatasi inayosema kwamba yeye ni mtu wa nchi anamoishi. Tunawapongeza zaidi wenyewe waliodai haki yao kwa amani na kwa subira.

Hata hivyo, upendo wa haki unatutaka tuseme kwamba mlango uliofunguliwa haukuwa mlango uliostahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haisemi kwamba raia sharti awe na kabila. Sheria ya Uraia ya mwaka 2011 iliweka njia kwa watu wasio na nchi walioishi Kenya tangu tarehe 12 Desemba 1963, na kwa vizazi vyao. Sheria ilikuwapo basi, lakini haki ilingoja mpaka kabila litangazwe. Hapo pana hatari tatu.

Kwanza, haki inakuwa zawadi ya mkubwa badala ya kuwa stahili ya mtu. Kundi dogo lisilo na msemaji wala miguu ya kufika Ikulu litaendelea kungoja.

Pili, haki inatolewa kwa kundi na kumwacha mtu. Atafanyaje mtoto ambaye baba yake ni Mpemba na mama yake ni Mdigo? Atafanyaje yule ambaye bibi yake alitoka Msumbiji na babu yake alitoka Ngazija? Pwani yetu imejaa watu wa namna hiyo, na hao ndio ambao orodha huwakosea kwanza.

Tatu, jamii zinafundishwa kwamba kupata ni kuwa kabila. Kila mwenye dhiki atatafuta jina la kabila la kujivika, kama walivyofanya wazee wetu mwaka 1931, na mwisho wa njia hiyo tumekwisha kuuona.

Je, kuhesabu makabila hakuna faida kamwe?

Msomaji makini atatuuliza: bila kuwahesabu watu kwa makabila, tutajuaje kabila gani linanyimwa? Swali hili ni la haki, na halipaswi kujibiwa kwa haraka. Tutazame India, nchi ambayo imelijibu kwa namna yake.

Katiba ya India inaruhusu makabila fulani, ambayo kwa karne nyingi yalidharauliwa na kunyang'anywa misitu na ardhi, yaandikwe katika orodha maalumu. Watu wake hutengewa nafasi katika ajira za serikali na katika vyuo, na viti katika Bunge. Sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 104 wa makabila hayo, yaani karibu 9 katika kila Wahindi 100. Hawakutawanyika sawasawa. Katika jimbo la Mizoram walikuwa zaidi ya 94 katika kila watu 100, na katika majimbo ya Punjab na Haryana hakuna hata kabila moja lililoandikwa.

Wazee wa Zanzibar wanawakumbuka Wagoa, Wakatoliki wenzetu kutoka jimbo la Goa, waliokuwa makarani na washonaji mjini Unguja. Huko kwao Goa, sensa ya mwaka 2001 ilikuta watu 566 tu wa makabila ya orodha. Mwaka 2003 jamii za Gawda, Kunbi na Velip, ambazo baadhi ya watu wake ni Wakatoliki, ziliingizwa. Sensa ya mwaka 2011 ikakuta watu 149,275, yaani mtu 1 katika kila 10. Watu hao walikuwapo wakati wote, ila hawakuwa na safu katika karatasi. Kuandikwa kwao kumewafungulia milango ya shule na ya kazi, nasi hatuwezi kulibeza jambo hilo.

Lakini India hiyohiyo yatuonyesha upande wa pili. Wakati wa ukoloni, watu wa makabila ya Santal na Munda walipelekwa mbali na kwao kulima chai katika Assam. Ndugu zao waliobaki katika eneo ambalo leo ni jimbo la Jharkhand wamo katika orodha ya jimbo lao. Wale wa Assam, wenye damu ileile na lugha ileile, hawakuingizwa katika orodha ya makabila ya Assam, kwa kuwa orodha huenda kwa jimbo, na huko wanaonekana ni watu wa kuja. Je, si habari ya Mpemba wa Vanga na Mmakonde wa Kwale hiyo? Aliyehamishwa na kazi ya mwingine ndiye anayepotea katika hesabu.

Basi jibu letu ni hili. Palipo na jamii iliyodhulumiwa kwa sababu ya kabila lake, inaweza kuwa haki kuihesabu kwa jina lake ili irudishiwe kilicho chake. Hiyo ni hesabu inayoitumikia haki. Lakini uraia, cheti cha kuzaliwa, elimu na matibabu si fidia ya kabila lolote. Ni stahili ya mtu kwa kuwa ni mtu. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lasema wazi kwamba kila mtu ana haki ya kuwa na uraia. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake wa mwaka 1963 juu ya amani duniani, alifundisha kwamba mtu akiwa raia wa nchi fulani hapotezi nafasi yake katika familia ya wanadamu wote. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya kukomesha hali ya watu kukosa uraia barani. Haki hizi zikishatolewa kwa wote, serikali na ihesabu kwa namna itakayoona inafaa. Zisipotolewa, hesabu yoyote ni kumhesabia mwenye njaa mbavu zake.

Na hapa kwetu?

Tanzania ina la kujivunia. Mwaka 2014 nchi yetu ilikamilisha kuwapa uraia watu wapatao 162,000 waliotoka Burundi mwaka 1972 na vizazi vyao. Hawakuulizwa kama ni Wahutu au ni Watutsi. Wazigua kutoka Somalia, ambao babu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu, walipokewa Chogo, mkoani Tanga, na wengi wakawa raia. Miaka hii ya karibuni Zanzibar nayo imeshuhudia wakazi wenye asili ya Msumbiji, Burundi na Ngazija wakipewa uraia baada ya kungoja kwa muda mrefu. Haya yanathibitisha kwamba inawezekana kumpa mtu haki bila kwanza kumtafutia kabila.

Lakini kutouliza kabila kusiwe kisingizio cha kutomwona mtu. Hapa Zanzibar maisha ya kila siku yamefungamana na vitambulisho. Sheria ya mwaka 2005 iliweka kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na sheria ya mwaka 2018 ikaunda Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, unaoandikisha uzazi, vifo, ndoa na vitambulisho. Sheria hizo hazitaji kabila. Hata hivyo, kabla ya ofisi kuna barua ya sheha, na kabla ya barua kuna maneno ya mtaani: huyu ni wa hapa, yule ni mtu wa bara, yule mwingine ni Mmakonde tu. Neno moja la barazani laweza kumzuia mama kumwandikisha mtoto wake kwa miaka kadhaa. Kilichofutwa katika karatasi ya sensa kinaweza kurudi kupitia ulimi wa jirani.

Ndiyo maana hatuwezi kuwasikitikia Wapemba wa Kenya huku tukimwita mzaliwa wa Pemba mgeni kwa sababu babu yake alitoka Newala. Wala mwamini wa bara anayelalamika kwamba anabaguliwa hapa hana ruhusa ya kumdharau Mpemba mwenye duka akiwa Dar es Salaam au Tanga. Kipimo ni kimoja kwa pande zote.

Yatupasayo

Kanisa katika Pemba ni kundi dogo katikati ya ndugu zetu Waislamu. Hatuna vyeo wala wingi. Tunalo jambo moja la kutoa, nalo ni kuwajali watu ambao hakuna anayewahesabu. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa halmashauri za walei na kwa Jumuiya Ndogo Ndogo.

Kwanza, kila jumuiya iulize nyumba kwa nyumba, kwa upole na kwa siri, nani hana cheti cha kuzaliwa au kitambulisho. Daftari hilo lisiwe na safu ya kabila wala ya dini. Liwe na jina, umri, mtaa, na karatasi inayokosekana. Majirani Waislamu wanaohitaji msaada nao waandikwe, kwa ridhaa yao.

Pili, mwenye shida asiachwe aende ofisini peke yake. Wachaguliwe watu wawili wanaojua kusoma fomu na kusema kwa adabu, wamsindikize kwa sheha na kwa ofisi ya usajili ya wilaya. Mara nyingi kinachokwamisha ni woga na nauli, wala si sheria.

Tatu, wazazi wamwandikishe mtoto mara tu anapozaliwa. Cheti cha ubatizo kina thamani yake, na kinaweza kuwa ushahidi wa tarehe na mahali, lakini hakichukui nafasi ya cheti cha serikali. Familia zinazokwenda dago au kuvuka Kenya kwa kazi zichukue karatasi za watoto pamoja na mikeka na vyungu.

Nne, mahali ambapo mtu mwenye sifa zote za kisheria ananyimwa karatasi yake, viongozi wa walei wamwandikie mhusika kwa heshima, wataje sheria, na wahifadhi nakala. Wasinong'one wala wasitukane.

Tano, tuuondoe katika vikao vyetu mtindo wa kugawana kazi na michango kwa makabila. Kwaya isiwe ya kabila fulani, wala uongozi usizunguke kwa zamu za mikoa ya bara.

Ndugu wapendwa, sensa ya mwaka 2022 ilituambia kwamba Pemba ina watu 543,441. Hiyo ni hesabu ya serikali, na ina kazi yake. Hesabu yetu ianze na mmoja: mmoja katika mtaa wenu ambaye hana karatasi ya kuonyesha kwamba amezaliwa. Mtafuteni huyo kabla ya kikao kijacho cha halmashauri.